Sauti ya Binti wa Ukutani

Ukitaka kumuudhi Kinanda, mwambie umeiona filamu ya *Binti wa Ukutani* lakini kitabu hujakisoma. Atakutazama kuanzia utosini hadi vidole vya miguu, kisha atasema, "Kwa hiyo umelamba sahani, chakula hukukiona." Hapo umepona. Ukithubutu kumwambia filamu ni nzuri kuliko kitabu, basi kaa kitako, maana atakupa kitabu chote kwa mdomo, sura kwa sura, na chai yako itapoa bila kuguswa.

Nami simlaumu. Kitabu kile ni balaa. Ni riwaya ya watu wa mbali, iliyotafsiriwa zamani na mtu aliyekijua Kiswahili chake sawasawa, na habari yake ni fupi. Mama mmoja mshona kofia anafiwa na binti yake wa pekee. Msiba haujapoa, sauti ya yule binti inaanza kusikika ndani ya ukuta wa chumba cha nyuma. Haitishi wala hailii. Inaomba vitu vidogo. Mama, niwekee maji. Mama, niachie taa. Mama, usimkaribishe yule jirani, simpendi. Kila siku inaomba zaidi kidogo na mama anatoa, mpaka nyumba inabaki haina mgeni, haina mwanga isipokuwa chumba kile, wala haina chakula isipokuwa kile kinachowekwa chini ya ukuta. Katikati ya kitabu mama anagundua kwamba kitu kile si mwanawe, kwa sababu mwanawe alikuwa na kikohozi maisha yake yote, na sauti ya ukutani haijawahi kukohoa. Anajua, na bado anaendelea kutoa. Hakuna tone la damu mle ndani. Kinachotisha ni kwamba unafunga kitabu ukijua nawe ungefanya vilevile.

Kitabu hicho kiliingia nyumbani kwa kina Kinanda mkononi mwa mama yake, aliyekuwa mshonaji wa hospitali. Kazi yake ilikuwa kupinda mashuka, kutia viraka, na kushona yale magauni ya wagonjwa yanayofungwa kwa nyuma. Alikiokota kwenye benchi la wagonjwa wa nje, akakiweka juu ya meza yake ya kazi siku kadhaa akingoja mwenyewe arudi, na mwenyewe hakurudi. Mama huyo alikuwa mtu mkavu. Mizimu hakuiamini kabisa, na madaktari aliwaamini kidogo tu. Lakini kitabu kilimnasa. Akawa akitoka kazini anavua viatu, anakaa ameegemeza mgongo ukutani asije akatokewa kwa nyuma, anasoma kwa sauti, na binti yake anasikiliza.

Siku moja alichoka kusoma watu wawili peke yake. "Wewe soma huyo marehemu," akamwambia mtoto. "Nenda kasimame nyuma ya kabati nisikuone." Mtoto akaenda nyuma ya kabati, akaanza kutetemesha sauti na kuyavuta maneno, analia mtindo mmoja. Mama akafunga kitabu.

"Nani amekwambia analia? Huyu hana haja ya kulia. Omba kama unavyoomba chumvi mezani."

Mtoto akaomba maji kama anavyoomba chumvi mezani. Mama mtu, ambaye alijua fika ni nani aliye nyuma ya kabati, aliinuka akawasha taa na jua bado lipo. Mjomba mmoja aliyepita akaukuta mchezo huo ndiye aliyempa mtoto jina la Kinanda kwa utamu wa sauti yake, na jina likamganda. Wale wawili walikisoma kitabu kile mwaka baada ya mwaka, mpaka gundi ikakata tamaa na kurasa zikawa zinafungwa kwa uzi wa hospitali.

Alipokuwa msichana mkubwa, Kinanda alipata kazi ya kupokea simu katika ghala la vipuri vya magari. Watu walipiga kuuliza bei ya plagi wakasahau walichotaka. Mmoja wao alikuwa mtu wa studio iliyokuwa ikitia sauti za Kiswahili kwenye filamu za nje, naye plagi hakuziuliza tena; aliuliza kama huyu mpokea simu angeweza kuja kujaribiwa. Kinanda alipofika na kuambiwa kwamba filamu yenyewe ni *Binti wa Ukutani*, ilibidi atafutiwe kiti.

Kutia sauti si kusoma. Unasimama ndani ya kibanda kilichozibwa kwa magodoro ya zamani. Bangili umevua, nguo umevaa ya pamba isiyochakarika, na maziwa hujayagusa tangu asubuhi kwa sababu yanaleta kohozi. Masikioni unamsikia mtu wa lugha nyingine, machoni unautazama mdomo wake, na akiufumba, wako nao ufumbe. Akivuta pumzi, vuta. Wengine huchukua miezi kuyazoea hayo. Kinanda alisimama mle kana kwamba amezaliwa mle, akaomba maji, akaomba taa, na fundi mitambo upande wa pili wa kioo akasahau kubonyeza kitufe, ikabidi warudie.

Filamu yenyewe, kwa maneno yake Kinanda, ilikuwa ya kipumbavu. Kosa la kwanza lilikuwa kumwonyesha binti. Kitabuni haonekani popote. Wao wakampa nywele za kuburuza chini na macho meupe. Kosa la pili lilikuwa damu. Ukuta ulitoka damu hadi unajiuliza nyumba ile ina mifereji mingapi. Kosa la tatu usilitaje mbele yake ukiwa una haraka: mwishoni waliubomoa ukuta kwa nyundo, binti akaenda zake peponi, na mama akaolewa na fundi aliyeubomoa.

Lakini watu walifumba macho penye damu wakaisikiliza sauti. Msimu mzima mtaani hapakuwa na habari nyingine. Watoto walimkimbia Kinanda kisha wakarudi kumwomba awatishe. Mwenye duka la pembeni alimtaka aseme "Mama, niachie taa" kabla hajampimia sukari, na akisema, foleni nzima inapiga kelele. Jina lake, hata hivyo, halikuandikwa mahali popote. Mwisho wa filamu waliandikwa waliobeba nyaya, waliopika, na mwenye farasi, ingawa farasi mwenyewe alionekana mara moja tu akiwa mbali. Waliotia sauti ni kama hawakuzaliwa.

Akaolewa na mwanamume aliyemsikia kabla ya kumwona. Huyo alioa sauti. Alipogundua kwamba sauti huja pamoja na mwenye sauti, na kwamba mwenye sauti ana hasira za karibu, alikusanya virago vyake. Mtoto hawakujaliwa. Kinanda akiulizwa habari zake husema kwamba kitu kizuri alichokiacha nyumbani ni ukimya.

Baada ya hapo studio ikampa kila mwanamke apigaye mayowe. Wanaotupwa ghorofani, wanaofungiwa ndani ya mabuti ya magari, wanaofungua mlango wakakuta maiti, wote walikuwa wake. Sasa ukipiga mayowe kwa ajili ya riziki, koo halijui kwamba ni mchezo. Likaota vinundu. Daktari akamwangalia kwa kioo kidogo, akamshauri akae bila kusema mwaka mzima, na Kinanda akamuuliza kama katika mwaka huo angekuja kula kwake. Sauti ikashuka, ikakwaruza. Akaanza kupewa majirani wabaya na mashangazi wenye husuda, na katika katuni moja ya watoto akapewa chura.

Hayo yote angeyavumilia. Mtu huzeeka, na sauti ni kiungo kama viungo vingine. Lililomvunja ni mama.

Mama yake alianza kusahau kama wazee wengi wanavyosahau: birika jikoni, miwani kichwani. Kisha akasahau kwamba alistaafu zamani, akawa anaamka asubuhi anautafuta mkasi wake wa kazi nyumba nzima. Mwisho akamsahau binti yake. Si kwamba alisahau kuwa ana binti. Huyo alimkumbuka vizuri mno, akamsifu kutwa kucha. Aliyemsahau ni huyu aliyesimama mbele yake na bakuli la uji. Huyu alimwita dada, kama watu wanavyowaita wasichana wa kazi, na alimshukuru kwa heshima zote.

"Dada," alimuuliza siku moja, "mwanangu anarudi lini?"

"Ni mimi, mama. Nimesharudi."

Mama akamtazama kwa makini, bila ubaya. "Wewe? Usinitanie. Mwanangu ana sauti nzuri."

Kinanda ana ulimi mkali. Hakuna aliyewahi kumwacha bila jibu. Siku ile alikwenda kuosha bakuli lililokuwa bado na uji. Tangu siku hiyo alikuwa na haja moja duniani, nyingine zote zilimtoka: mama yake amtazame usoni, hata mara moja kabla hajafumba macho, amwite mwanangu akijua anamwita nani.

Katika hali hiyo ndipo studio ilipompigia simu. *Binti wa Ukutani* inarudi, wakamwambia, na safari hii si filamu, ni tamthilia ndefu ya misimu. Aliyepiga ni msimamizi wa studio, kijana wa mashati yaliyonyooshwa ambaye kila mtu alimwita bosi naye akaitika. "Mama Kinanda, bila wewe kazi hii haina roho," alisema, na Kinanda alijua kabisa anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Hata hivyo akaenda. Alijua umri wake, na koo lake alilijua kuliko daktari, lakini moyo hauna adabu. Ulikuwa umeshajipangia kwamba labda, kwa vile hakuna amjuaye yule binti kuliko yeye, watampa amjaribu. Njiani alijipima sauti chinichini, na mtu aliyekuwa mbele yake akageuka kutazama nani anakohoa.

"Utakuwa mama," msimamizi akamwambia.

Kinanda akajiambia ni haki, nafasi ya mama nayo si haba, tena kitabuni ndiye anayebeba kila kitu. "Na binti ni nani?"

"Ingia uvae, utamsikia."

Akaingia kibandani, akavaa vipokea sauti. Picha ikaanza: chumba, taa, mwanamke amekaa kitandani anaukazia ukuta macho. Kisha sauti ikasema, "Mama, usilale. Nina neno nawe."

Ilikuwa yake. Si ya kufanana na yake, wala si ya msichana aliyefundishwa kumwiga. Ilikuwa sauti yake mwenyewe ya miaka ile, laini, na ile pumzi fupi aliyokuwa akiivuta kabla ya neno mama. Lakini maneno yale hakuwahi kuyasema maishani mwake. Kitabuni hayamo, na filamuni hayakuwemo. Alitazama upande wa pili wa kioo. Fundi mitambo, yule yule aliyesahau kubonyeza kitufe wakati wakiwa vijana wote wawili, alikuwa ameinamisha kichwa anakagua kucha zake.

Msimamizi akaja mlangoni akieleza kwa furaha. Kanda zake zote za zamani wameipa kompyuta. Imezisikiliza, imejifunza, sasa ukiandika neno lolote inalisema kwa sauti ile. "Ni heshima kubwa, Mama Kinanda. Sisi wengine tutakufa na sauti zetu. Yako haifi."

"Heshima ya kufukuliwa nikiwa hai?"

"Usiichukulie hivyo, mama yangu."

"Niichukulieje? Mmeniita nije nizungumze na mzimu wangu, halafu mimi ndiye niwe ajuza?"

Msimamizi akacheka peke yake, kisha akaingia kwenye alilomwitia. Wenye tamthilia huko ng'ambo ni watu waoga wa mahakama, wanataka sahihi ya mwenye sauti. Kidogo tu, hapa na hapa. Kinanda akauliza kama wameshaanza kuirusha. Inaanza Jumatatu, msimamizi akasema. Walijua hawezi kuwaangusha.

Kinanda akavua vipokea sauti, akavitundika taratibu mahali pake kwa kuwa vyenyewe havikuwa na kosa. "Tafuteni mama mwingine," akasema. "Mimi ninaye wangu nyumbani."

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja chama cha waigizaji. Katibu wa chama, mwanamke wa kicheko kikubwa aliyekaa nyuma ya feni mbovu, alimsikiliza mpaka mwisho, akapiga meza. "Umewashika pabaya!" akasema. "Wewe usitie sahihi tu. Mengine niachie mimi. Wataing'oa sauti yako kila walipoichomeka, watafute msichana wao waanze upya." Kinanda akarudi nyumbani amechangamka. Ilikuwa furaha ya kulipiza kisasi, na kwa mtu aliyekaa muda mrefu bila furaha yoyote, hiyo nayo inashibisha.

Jumatatu jioni tamthilia ikarushwa hivyo hivyo bila sahihi, naye akawasha runinga ili awachukie vizuri, na la kuchukia lilikuwepo tele. Mama wa kitabuni, mshona kofia wa watu, wamemfanya daktari bingwa mwenye gari la kufunguka juu. Jirani amekuwa askari wa upelelezi, tena mzuri wa sura, na kwa jinsi wanavyotazamana na daktari unajua wataishia wapi. Kuna mbwa. Kila baada ya muda mfupi muziki unapiga kelele kukwambia uogope, ni sawa na mtu kukuchekesha kwa kukutekenya. Kinanda alikuwa ameshika kidude cha kubadilishia idhaa, anasonya, wakati ukuta uliposema, "Mama."

Mama yake alikuwa kitini pembeni. Wiki nyingi alikuwa anakalishwa tu na kulazwa, hasemi zaidi ya kuomba radhi kwa usumbufu. Kichwa chake kikainuka.

"Naam, mwanangu," akasema. "Niko hapa."

"Mama, niwekee maji," ukuta ukasema. Hilo angalau walilitoa kitabuni.

Mama akamgeukia Kinanda, macho yamewaka. "Dada, hujasikia? Mpelekee maji mtoto."

Basi Kinanda akaenda jikoni, akajaza glasi, akaja akaiweka mbele ya runinga. Hakujua afanye nini kingine. Jioni ile mama alimaliza uji wote bila kubembelezwa, kisha akaomba kitana.

Ikawa ndiyo desturi yao. Kuanzia mchana mama anauliza mwanangu anakuja saa ngapi, anataka avalishwe gauni safi, anataka kiti kisogezwe. Tamthilia ikianza anajibu kila neno la ukutani, mengine kwa maneno ya kitabu yale yale aliyokuwa akiyasoma amevua viatu. Mashavu yakaanza kujaa. Akawa anasimama mwenyewe. Kwa binti yeyote mwingine hiyo ingekuwa baraka. Kinanda alikaa nyuma ya kiti akimwona mama yake anapona kwa ajili ya mtu mwingine, na mtu huyo ni yeye. Wivu wa mke mwenza una nyimbo zake, na wivu wa jirani una methali zake. Wivu wa kujionea mwenyewe hakuna aliyewahi kumfundisha mtu namna ya kuubeba, na adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti.

Siku moja akapiga moyo konde. Alikunywa maji ya vuguvugu, akalegeza mabega kama alivyokuwa akifanya kibandani, akasimama mahali mama asipoweza kumwona. Akavuta ile pumzi fupi. "Mama," akasema.

Ilianza vizuri. Nusu ya neno ilikuwa yenyewe kabisa. Nusu ya pili ikakatika, ikakwaruza mithili ya kiti kinachoburutwa sakafuni. Mama akageuka, na uso ule Kinanda hakuwahi kuuona tangu azaliwe.

"Dada," mama akasema, "mimi na wewe tumekaa vizuri. Kazi yako naiona. Lakini mwanangu usimwige. Ukirudia, utaondoka humu ndani."

"Nisamehe, mama."

"Yaishe."

Usiku ule Kinanda hakulala, na kulipokucha alikuwa ameshaamua. Kama mama anaiamini sauti ile peke yake, basi sauti ile ndiyo itamke. Asubuhi akamwendea msimamizi. Alimwambia sahihi atapata, zote anazotaka, ila naye ana maneno yake machache ambayo kompyuta itayasema, na atayabeba aende nayo nyumbani. Msimamizi alikubali kabla hajamaliza kusikiliza. Alikubali upesi kiasi kwamba Kinanda alitambua amejiuza bei ya kutupa, lakini maji alishayavulia nguo, akayaoga.

Fundi mitambo ndiye aliyekaa kwenye kompyuta. Kinanda alisimama nyuma yake akimtamkia, na fundi akaandika bila kuuliza kitu. Kisha akabonyeza, na msichana wa miaka ile akasema yote bila kukwama: "Mama, ni mimi. Sauti yangu ilichakaa kwa kazi, ndiyo maana hunitambui. Huyo anayekulisha na kukuchana nywele, si dada wa kazi. Ndiye mimi. Mwite mwanangu."

"Nirudie?" fundi akauliza.

"Hapana. Amesema vizuri." Akatia sahihi hapa na hapa. Akampigia simu katibu wa chama akamwambia shauri aliache.

"Wamekutisha?" katibu akauliza.

"Hapana."

"Wamekuhonga, basi!"

"Ndiyo," Kinanda akasema. "Wamenihonga."

Katibu akamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, akakata simu. Alikuwa na haki yake. Sahihi ile ilikuwa ya misimu yote na ya kazi nyinginezo watakazoona zinafaa, na siku hizi sauti ya binti wa ukutani inauza sabuni ya unga na mabati ya kuezekea. Nimeisikia mwenyewe kwa mwenye duka.

Alipofika nyumbani mama alikuwa ameshavaa, ametulia kitini, jua la alasiri limemfika magotini. Runinga ilikuwa imezimwa. Kinanda akaweka spika ndogo juu ya meza, akapiga magoti mbele ya mama ili uso wake uwe karibu, aonekane vizuri, asije akakosewa. Akabonyeza.

Mama alisikiliza kichwa amekiinamisha upande. Neno la kwanza lilipotoka, mkono wake ulinyanyuka kuelekea ile spika. Alisikiliza mpaka mwisho, na maneno yalipokwisha alikuwa anatokwa na machozi. Akamtazama Kinanda usoni, muda mrefu, kama Kinanda alivyokuwa ameomba kwa miezi yote ile.

"Umemsikia?" mama akauliza.

"Nimemsikia, mama."

"Ndivyo alivyo tangu mdogo. Ana huruma, hata kwa wafanyakazi." Akajifuta macho kwa kiganja. "Ameona huna mtu, dada. Anataka na wewe uwe na mama."

Machozi ya Kinanda yakadondoka juu ya gauni safi la mama.

"Haya, usilie. Siwezi kumkatalia huyu mtoto kitu. Kwa ajili yake, nitakuita mwanangu." Akampapasa Kinanda begani, kwa upole na kwa adabu, kama anavyopapaswa mtoto wa jirani aliyekuja kuleta ujumbe. "Basi, mwanangu," akasema, "hebu irudie nimsikie tena."

Kinanda akairudia.